Bastola Iliyosuguliwa kwa Ndimu

Inspekta Flaviana wa maabara aliigeuzageuza ile bastola chini ya taa kama mama anayekagua samaki sokoni. Aliipindua tumbo, akaichungulia mdomo, akailaza juu ya kitambaa cheupe, kisha akatoa hukumu: ni halisi.

Sajenti Lusungu akashusha pumzi. Kama ni halisi, basi hakuna wizi, na kama hakuna wizi, Isack, mtumishi aliyewekwa mahabusu Segerea, anatoka. Alikuwa ameshaishika kofia yake aondoke.

"Subiri," Flaviana akasema. "Ni halisi, lakini si ya kale."

"Inspekta, nionee huruma. Mie darasa la saba. Kitu ni halisi ama ni feki."

"Hiki ni vyote viwili, mzee wangu. Ndiyo maana mmekikoroga."

Akamweleza taratibu. Bastola za namna hii, za kushindilia baruti na kuvishwa fataki, zilitengenezwa ng'ambo, na kiwanda kiliacha kuzitengeneza zama za babu wa babu zetu. Karne ikakatika. Ilipofika miaka ya sabini, kwa kuwa matajiri wa huko wanapenda kutundika ukale ukutani, kiwanda kilekile kikazitoa tena. Umbo ni lilelile, jina ni lilelile juu ya mtutu, nakshi ya farasi ni ileile kwenye silinda. Hata namba hawakuanzia moja, waliendelea pale mababu zao walipoishia. Asiyejua akisoma namba anaona imo ndani ya ukoo.

"Kwa hiyo si mtoto wa haramu," Flaviana akamalizia. "Ni kitinda mimba. Mama kamzaa uzeeni."

Namba ya hii ilikuwa mbele ya pale uzao wa kwanza ulipokoma. Chuma chake kilikuwa laini cha kisasa, na mifereji ya ndani ya mtutu ilikatwa kwa mashine ambayo enzi za baruti haikuwepo. Hapakuwa na ubishi. Lusungu akairudisha kofia juu ya meza, maana kwa Isack hiyo ilikuwa habari mbaya kuliko zote.

Mambo yalianza hivi. Mzee Nazarali, mwenye duka la rangi pale Buguruni, alifariki mwaka jana akaacha nyumba Kinondoni, mjane wake Mehrunissa, mtoto wa kiume Juzer, na bastola ambayo ukoo mzima uliamini ilishuka pwani hii kiunoni mwa babu yake. Juzer alitaka kuitia kwenye kabati la kioo kwa kumbukumbu ya mwaka wa baba yake. Akatuma picha kwa bingwa mmoja wa silaha za kale huko Ulaya amwandikie maneno mawili matatu ya historia. Bingwa akajibu kwamba silaha hii imetengenezwa baada ya marehemu kuzaliwa, tena kwa miaka mingi. Juzer akaja kituoni mbio. Mtu pekee nje ya familia aliyekuwa na ufunguo wa nyumba, akasema, ni Isack, mtumishi wa ndani aliyekaa nao miaka ishirini na ushee.

Na Isack alikiri. Hapo ndipo jalada lilipoota mizizi. Alipoulizwa kama aliwahi kuigusa silaha ile akajibu kwamba alikuwa akiisugua kwa ndimu na majivu. Mkuu wa upelelezi wa kituo, Brightson, kijana wa digrii mbili ambaye hajawahi kulala lindo hata siku moja, akaandika kwa mkono wake kwamba mtuhumiwa amekiri kuikwangua silaha kwa tindikali ili ionekane kuukuu. Maana yake kaiba ya kale, kaleta changa, kaizeesha. Isack, mtu wa Rombo, ambaye shule aliiona kwa mbali tu, akaweka dole gumba.

Flaviana akauliza kuhusu leseni, kwani leseni ya silaha si lazima iwe na namba?

Lusungu akacheka pasipo furaha. Leseni ilikuwa na namba, tena nzuri. Karani wa kwanza alisoma tarakimu zilizochongwa kwenye silinda akaziandika. Kumbe ile ni tarehe ambayo kiwanda kilipewa hati ya ubunifu wake, na bastola zote za aina hiyo, bibi na mjukuu, zimechongwa tarehe hiyohiyo. Mwaka hadi mwaka ofisa mwingine akagonga mhuri juu yake. Vyeo vimepita pale, wengine wamestaafu na viinua mgongo vinono, na hakuna hata mmoja aliyepata kuitoa bastola kwenye boksi akaitazama. Walikuwa wanahakiki karatasi. Angetokea mmoja akatazama, leo Isack angekuwa nyumbani kwake Temeke anakula na wanawe.

Ijumaa kesi ilikuwa inatajwa, na Brightson alitaka jalada liwe limeshonwa kabla ya hapo.

*

Uzi mwingine ulikuwa Buguruni. Mlinzi wa duka jirani na la Nazarali alisema amewahi kumwona Isack akiingia kwa Nassibu, muuza vyuma chakavu, amekumbatia kitu kizito kilichofungwa kwenye kanga. Brightson aliposikia hivyo alipiga meza kwa furaha. Lusungu akatumwa.

Nassibu alikuwa amekaa juu ya injini ya jokofu, kifua wazi, anakula muwa. Kuzunguka kwake kulikuwa na mabirika ya shaba, vinara, makufuli ya milango ya zamani. Alipomwona Lusungu hakusimama.

"Shikamoo afande. Karibu kwenye umaskini wetu."

"Marahaba. Isack wa Kinondoni alikuletea nini?"

"Isack yule mchamungu? Yule akiokota mia tano anauliza mtaa mzima nani kaangusha." Akatema kapi la muwa. "Sinia, mzee. Sinia la shaba la bosi wake, kishikio kilitoka. Nikamwambia niuzie hilo, wewe waambie limeibwa. Alininunia kama nimemtukana mama yake. Akasimama palepale juu ya kichwa changu mpaka nikamaliza kulichomelea."

Lusungu akambana. Akamkumbusha kwamba vinara vile viwili pale nyuma vinafanana sana na vya kanisa moja ambalo limelalamika. Nassibu akapoa, akaanza kujibu kwa adabu. Bastola hajaiona, na akiiona atakimbia. Kuzeesha vitu je? Hapo akatabasamu, maana ndiyo kazi yake. Kitu unakifukia kwenye chumvi na kinyesi cha ng'ombe, unakisahau, ukikifukua kimekuwa cha sultani.

"Na ndimu?"

"Ndimu?" Nassibu akamtazama kwa huruma. "Ndimu si ya kung'arisha shaba hiyo? Kwani shemeji yetu nyumbani hajawahi kusugua chombo?"

Mke wa Lusungu, Tusajigwe, alikuwa chini ya udongo miaka kadhaa sasa, na siku aliyokata roho yeye alikuwa analinda magari kwenye harusi ya binti wa mkubwa mmoja. Ruhusa aliomba, akaambiwa aombe tena Jumatatu. Lusungu akaviacha vinara na mwizi wake, akatoka.

Njiani Brightson akampigia. Lusungu akamwarifu kwamba kile kitu cha kwenye kanga kilikuwa sinia. Brightson akasema hilo halibadilishi kitu, mtu amekiri.

"Afande, mtu anayetaka kitu kizeeke hakitii ndimu. Ndimu inang'arisha."

"Mzee Lusungu, nyie watu wa zamani mnapenda kuzunguka mbuyu. Umebakiza muda mfupi ustaafu. Usijichafulie."

*

Nyumba ya Kinondoni ilikuwa ya ghorofa moja, ukuta umeliwa na fangasi, ndani inanukia iliki. Mehrunissa alimpokea mwenyewe. Alikuwa bibi mwembamba wa miaka sitini na kitu, mtandio mweupe, macho makali. Lusungu alimwamkia, akaitikiwa, akakalishwa sebuleni. Msumari wa bastola ulikuwa bado ukutani na doa jeupe la umbo lake. Juzer alikuwa dukani.

Chai ililetwa juu ya sinia la shaba.

Lusungu akalitazama kuliko alivyoitazama chai. Ukingoni palikuwa na maandishi ya kunakshi yakilizunguka lote. Upande mmoja yalisomeka vizuri. Upande wa pili yalikuwa yamelika, yamebaki mawimbi tu, kama ngazi ya msikitini iliyokanyagwa miaka mingi. Mkono uleule, kwa mwendo uleule, ulikuwa ukipita pale na kukaza.

Akamuuliza nani analisugua siku hizi.

"Hakuna. Unaona lilivyoanza kuwa jeusi." Bibi akalisogeza kidogo kwake. "Alikuwa Isack. Kila Alhamisi, shaba zote za nyumba."

"Na bastola?"

Mkono wa bibi ukasimama juu ya birika. "Na upinde wake ule, ndiyo. Ule wa shaba unaozunguka kifyatulio."

"Isack anatumia mkono gani, mama?"

"Kushoto. Kwa nini?"

Lusungu akaomba aliazime sinia. Mehrunissa akasema wao wanatafuta bastola, sinia la nini. Akasema ni la mahari yake. Akasema mwanawe atauliza. Mwisho akaondoa vikombe, akalifuta kwa mtandio wake na kumpa, lakini alilishikilia sekunde moja zaidi ya inavyotakiwa, na Lusungu, ambaye kazi hii imemfunza kutazama mikono kuliko midomo, akalibeba akijua ameondoka na kitu kingine pia.

*

Flaviana alilegeza skrubu na kuutoa upinde wa shaba kwenye bastola. Chini yake, kwenye mapengo kati ya shaba na chuma, palikuwa pameshindiliwa kitu cha kijivu, kigumu kama saruji. Akakichokoa kwa sindano. Kilitoka kwa matabaka, mengine meupe, mengine meusi, kama keki. Majivu. Majivu ya mkaa yaliyolowana na kukauka, yakalowana tena na kukauka tena.

Akamwita Lusungu kwenye hadubini. Alivyoeleza, upinde ule ulipotoka kiwandani ulichovywa fedha. Sehemu iliyofichwa na mti wa kitako bado ilikuwa na fedha yake, inang'aa kama jana. Sehemu ya wazi haikuwa nayo hata chembe, imebaki shaba tupu ya njano, na kingo zake zimeviringika. Lakini chuma cha pembeni, milimita chache tu kutoka hapo, hakikuguswa. Mwenye kumwaga tindikali azeeshe humwaga kote. Huyu alikuwa anauzunguka mpaka wa chuma kwa uangalifu, Alhamisi kwa Alhamisi, kwa sababu anajua ndimu itakitia kutu.

Kisha akaweka sinia. Mikwaruzo ililala upande uleule. Mkono wa kushoto.

"Huu si uchakavu wa wiki moja wala wa mwaka," Flaviana akasema. "Ni wa miaka na miaka. Nitauandikia ripoti na kusaini."

"Kwa hiyo hii ndiyo aliyokuwa anaisugua siku zote."

"Hii hii. Alivyoingia nyumba ile aliikuta imeshakuwa kitinda mimba."

*

Brightson aliisoma ripoti mara mbili. Haikuwa rahisi kuipinga, Flaviana alikuwa na cheo na elimu kama yeye. Akaegemea kiti, akauliza swali moja: kama si Isack, ni nani?

"Sijui bado, afande. Najua siye nani."

"Mlalamikaji ana watu wake wa juu. Siwezi kumrudishia jalada tupu." Akagonga kalamu kwenye meno. Kisha uso wake ukafunguka, na Lusungu akaogopa, maana aliwahi kuuona ule uso kwa wakubwa wengine: ni uso wa mtu aliyepata njia ya kutokukosea. "Hiki kifaa kilikuwa na fedha. Sasa hakina. Nani kaitoa?"

"Afande."

"Yeye. Kakiri mwenyewe, na maabara imethibitisha kwa sayansi. Wizi tunaufuta. Tunamfungulia kuharibu mali ya mwajiri. Ijumaa anasomewa shtaka jipya."

Lusungu akamwambia mtumishi hasugui kitu asichotumwa. Brightson akamjibu kwamba Juzer ameshaulizwa na amesema hakumtuma, na marehemu hawezi kuitwa shahidi. Basi. Kile kilichomtoa mtu kwenye shimo moja kilikuwa kimemchimbia lingine, na aliyechimba hakulowana hata jasho.

Nje, kwenye benchi la kituo, alikuwa amekaa Apolonia, mke wa Isack, na bakuli la chakula lililofungwa kitambaa. Alikuwa akija pale kila apatapo nafasi, kisha anakwenda Segerea, maana mtu alimdanganya kwamba kituoni ndiko wanakotoa ruhusa. Akamuuliza Lusungu kama kuna jipya. Lusungu akasema lipo, ila bado halijaiva. Alishindwa kumwambia zaidi.

*

Alirudi Kinondoni na sinia mkononi. Mara hii hakuletewa chai.

Akamweleza Mehrunissa yote: majivu, fedha iliyolika, shtaka jipya. Bibi alisikiliza huku amelipakata lile sinia. Lusungu akamuuliza nani aliyempa Isack kazi ya kuisugua bastola.

"Mimi."

"Ili ing'ae?"

"Ili fedha itoke." Akatazama msumari ukutani. "Ilikuwa inang'aa kama ya dukani. Shemeji zangu walikuwa wanakuja kutoka Ulaya kwenye harusi. Wangeuliza. Nikampa ndimu, nikamwambia sugua hapa, chuma usiguse, kila Alhamisi. Yeye hakuuliza. Isack haulizi."

Kwa hiyo Brightson alikuwa sahihi kwamba bastola ilizeeshwa. Alikosea aliyezeesha, na alikosea miaka ishirini.

Yaliyobaki bibi aliyasimulia kwa sauti ya mtu anayesoma maandishi ukutani. Ilikuwa mwaka themanini na tatu, mwaka wa msako wa walanguzi. Dukani kwa Nazarali walikuta mabati na rangi ambazo hakuzionyesha kwenye hesabu zake, wakamchukua. Siku ya pili mkubwa mmoja alikuja nyumbani kupekua. Hakupekua. Alisimama mbele ya bastola, mikono nyuma, akasema, "Nzuri hii." Akaondoka. Mehrunissa alikuwa bibi harusi wa juzi, lakini alielewa. Akaitungua, akaifunga kwenye mtandio, akaipeleka yeye mwenyewe. Mumewe alirudi jioni ileile.

Tatizo likawa baba mkwe. Alikuwa mzee, macho yameingia ukungu, lakini kila asubuhi alinyoosha mkono ukutani kuipapasa. Kwa wiki kadhaa walimdanganya iko kwa fundi. Binamu mmoja aliyekuwa Kanada akatafuta nyingine, ya kiwanda kilekile, akaileta vipandevipande kwenye mizigo. Mzee akaishika, akailaza shavuni, akalia. Akasema anasikia mikono ya baba yake imo ndani ya mti ule.

"Baada ya hapo ungemwambia nini?" Mehrunissa akauliza. "Akafa anaamini. Juzer akazaliwa, akaamini. Mume wangu mwenyewe mwishoni nadhani aliamini."

Lusungu akamuuliza jina la yule mkubwa. Bibi akalitaja. Lilikuwa jina ambalo hata watoto wa Sinza wanalijua, kwa sababu liko kwenye kibao cha mtaa.

"Ukiyasema haya kituoni, Isack anatoka."

"Nikiyasema, mwanangu atamzika baba yake mara ya pili. Nazarali hakuwa mlanguzi tu, atasema, alihonga. Na mkewe ndiye aliyebeba."

"Isack ana watoto, mama."

"Wanne. Najua majina yao wote. Yule mdogo nilimchagulia mimi."

"Basi njoo Ijumaa uyataje."

Lusungu akasimama, akaaga kwa heshima, na mlangoni akageuka kusema kwamba marehemu hadhuriki tena na jela. Bibi alikuwa ameinamisha uso kwenye sinia, anapitisha kidole gumba pale maandishi yalipofutika.

*

Ijumaa asubuhi Juzer alifika kituoni kutia saini kwenye shtaka jipya. Mama yake alikuwa nyuma yake.

Hawakuingia ofisini. Mehrunissa alimshika mwanawe mkono pale ukumbini, chini ya bango la huduma bora kwa mteja, akaanza kuzungumza kwa lugha yao, chini chini, bila kupumzika. Lusungu alikuwa hatua chache tu kutoka kwao na hakuambulia kitu isipokuwa majina. Nazarali. Isack. Kisha jina la kwenye kibao cha mtaa. Juzer, jitu la miraba minne, alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, akateleza taratibu akakaa sakafuni na suruali yake ya bei. Aliuliza neno moja. Mama yake akaitikia kwa kichwa. Wananchi waliokuja kuripoti simu zao zilizoibwa wakawa wanawaruka.

Walipoingia kwa Brightson, sauti ya Juzer ilikuwa imekauka. Anafuta malalamiko, akasema. Yote. Ilikuwa kutoelewana ndani ya familia.

Brightson hakuficha raha yake. Jalada lililofutwa na mlalamikaji halina doa kwa mtu. Akavuta karatasi. Lusungu, aliyesimama mlangoni, akasema itabidi maelezo ya mama yachukuliwe, kwa sababu kuna silaha halisi iliyoondoka na kuna mtu aliyeichukua.

"Mtu gani?"

Lusungu akalitaja jina.

Brightson akaandika mstari mmoja, akaupulizia wino kama vile kalamu zetu bado ni za kuchovya, akafunga jalada.

"Sikusikia jina," akasema. "Mama, wewe ulimsikia sajenti akitaja jina?"

Mehrunissa akamtazama mwanawe. Juzer akatazama dirishani. Bibi akasema masikio yake siku hizi si mazuri.

*

Isack alitoka kwa mlango wa pembeni wa mahakama akiwa na shati lilelile alilokamatwa nalo, sasa linamning'inia. Alikuwa amepungua mpaka masikio yameonekana makubwa. Apolonia hakupiga kelele wala hakukimbia. Alimwendea akamfunga vizuri kifungo cha shingo kilichokuwa wazi, kama vile anamwandaa kwenda kanisani.

Juzer alikuwa anasubiri kwenye kivuli cha gari. Akaja, akampa mkono, na Isack akaupokea kwa mikono miwili kama alivyozoea. Juzer akasema pole. Akasema yalikuwa makosa. Akasema nafasi yake ipo, mama amemuulizia, shaba zote zimekuwa nyeusi.

"Asante bosi," Isack akasema. "Ile ya kweli imepatikana?"

"Ilipotea zamani. Kabla hata hujaja."

"Ilipotea."

"Ndiyo, Isack. Ilipotea tu."

Isack akalitafuna hilo. Hakuwa mtu wa maneno, na mle alimotoka hamkumwongezea mengi.

"Mie nilipokuwa mwizi, iliibwa," akasema. "Sasa mwizi si mie, imepotea."

Juzer akasema wataongea siku nyingine, akarudi garini alikokuwa amekaa mama yake, kioo kimepandishwa. Gari likaondoka.

Apolonia akamvuta mumewe, lakini Isack akabaki amesimama. Alikuwa anamtazama Lusungu. Nyuma ya Lusungu, kwenye ngazi za mahakama, Brightson alikuwa anacheka na mwendesha mashtaka, na jicho lake moja liko kwao.

"Afande, we mtu mzima," Isack akasema. "Umeiona ile bastola, umeongea na mama, umekwenda kote. Nani aliichukua?"

Jina lilikuwa tayari limefika kwenye meno. Miaka yote Lusungu amewalaani wenye vyeo kwa kukaa kimya, kwenye vilabu, kwenye malindo, kwenye kaburi la mkewe. Akalisikia lile jina mdomoni, zito, lina ladha ya shaba.

"Nenda nyumbani, Isack," akasema. "Watoto wanakusubiri."